Siku Nilipoifunika Laptopu Yako

Sidi, mama,

Salamu nitakupa ana kwa ana, maana mmeenda hapo mtaa wa Ziwa la Ng'ombe tu, wewe na mama yako, kumuaga shangazi yako, na muda si mrefu nitawasikia mlangoni. Nimewaambia mimi nabaki kulinda nyumba. Mama yako amecheka, akasema nyumba hii imelindwa mpaka imechoka. Kweli yenyewe ni kwamba nataka kukuandikia na sitaki kuonekana nikiandika, kwa sababu ningeanza kuulizwa maswali.

Kesho unapanda basi la Nairobi. Habari ya sweta, ya kufunga mlango kwa ndani, ya kutopokea soda kwa mtu usiyemjua, mama yako ameimaliza yote, na nilimsikia jana akiianza upya. Sina la kuongeza hapo. Mimi nakuandikia juu ya woga, kwa sababu ndicho kitu ninachokijua kuliko watu wengi.

Baba yako ni mwoga. Si siri, mtaa wetu mzima wa Mjambere wanajua. Naogopa nyaya za stima, naogopa mtungi wa gesi, naogopa feri ikizima injini katikati ya maji, naogopa simu ikilia saa ambayo haikuzoea kulia. Mungu akanijalia kazi ya ulinzi kwenye ghala kule Changamwe, na huko woga ni sifa. Mwenye ghala husema hajapata kuona mlinzi asiyesinzia kama mimi. Hajui kwamba ningependa mno kusinzia, ila naogopa.

Sasa nataka nikueleze ile siku ya laptopu. Unaijua kwa upande wako. Upande wangu hujausikia, maana siku ile ulinionea huruma ukakata maneno, na tangu hapo hatujayarudia.

Yule bibi wa Nairobi anayetengeneza katuni za watoto alikuwa amekutaka umtumie kipande kidogo, sekunde chache tu za paka anayeruka ukuta, aone mkono wako. Akipenda, una kazi. Asipopenda, ungebaki hapa ukipiga picha za harusi za watu na kusahihisha mabango ya maduka, kazi ambayo naijua ilivyokuwa inakukausha. Ukaniambia shida ni manyoya. Kila unyoya wa paka mashine inabidi ikokotoe mwanga unavyoupiga, na laptopu yako imeshapita mikononi mwa watu wengine kabla yako, na kwa mwendo wake siku ya kutuma ingefika paka hajaondoka chini. Nikashangaa paka mmoja asiye hai kuisumbua mashine nzima namna hiyo.

Ndipo uliposema utaipandisha mwendo kadi ya grafiki, ile sehemu ya ndani inayochora picha. Mimi nikauliza swali moja tu, itaungua? Ungeweza kuniambia haiungui, nikalala. Hukunidanganya. Ulisema ikifanywa ovyo inaweza kuharibika, na hujawahi kuifanya, na ndiyo maana utakwenda nayo polepole. Usiku ule nililala nikiwa nimevaa viatu.

Nikakwambia, waliotengeneza kitu wana sababu zao, kama wamekiwekea mwendo fulani tuuache. Ukanijibu kwamba wao wameacha nafasi kidogo, kwa kuwa hawajui nani ataitumia wapi na kwa joto gani, na wewe unatafuta hiyo nafasi inapoishia, basi. Nguvu ya umeme inayoingia kwenye kadi hutaigusa. Halafu ukanionyesha ile programu, mwendo umeandikwa upande mmoja na joto upande mwingine, ukasema, mwendo ni wa kwangu mimi, lakini jicho liko kwenye joto.

Basi nikakaa nikakutazama, na ninavyokwambia hivi nilikuwa nimetafuta mahali pa kukaa karibu na mlango. Ukaifungua kwa chini, ukatoa vumbi kwenye feni kwa brashi, vumbi lenyewe zito, lenye unyevu wa huku kwetu. Ukapangusa ile dawa iliyokauka juu ya kadi, ukapaka nyingine inayofanana na dawa ya meno, ukaniambia hiyo ndiyo inayolipeleka joto kwenye chuma cha kupozea. Ukaweka vifuniko vya soda chini ya pembe zake ili hewa ipite. Ukapandisha mwendo kidogo, ukaipa kazi nzito, ukaitazama. Ukapandisha tena kidogo, ukaitazama tena. Skrini ilipotoa vitone vya kijani mimi nilikuwa nimeshafika barazani, na wewe hukunyanyuka hata kitini. Ukasema hapo ndipo mwisho wake, ukarudi nyuma, kisha ukarudi nyuma tena kidogo kwa usalama. Na hukuiamuru ikumbuke mwendo ule; ukasema ikizimwa na kuwashwa irudi kama ilivyotoka kiwandani, mpaka uiamini.

Nilikuwa nimedhani wewe huogopi. Miaka yote nimedhani umemfuata mama yako, yule anayekaanga viazi karai barabarani na mafuta yanamrukia anaendelea kupiga soga. Siku ile nikaona unaogopa, tena sana, mpaka ulimi umeutoa nje kama ulipokuwa mdogo ukijifunza kushona. Ila ulikuwa unaogopa huku macho umeyafungua. Mimi nikiogopa nafumba.

Paka akaanza kutoka, picha moja moja. Ikafika jioni ile ya mwisho, kipande kitumwe asubuhi, na mvua ikashuka ile ya kumwaga. Mama yako akapiga simu, upepo umeng'oa mwavuli wake, na yuko na karai la mafuta ya moto barabarani peke yake. Ukasimama. Ukaniambia, "Baba, nilindie hii. Namba hii ya joto ikipita themanini na tano, bonyeza hapa, itasimama yenyewe." Nikakujibu hiyo ndiyo kazi yangu. Ukacheka ukakimbia.

Mwanzoni nililinda kweli. Namba ilikuwa inacheza sabini na kitu, feni inavuma, mimi nimekaza macho. Halafu vijana wawili wakaja kujikinga mvua chini ya paa letu, pale dirishani. Nisingewaona kama mmoja asingegeuka akachungulia ndani. Nikaona macho yake yametua kwenye skrini, na skrini ile ilikuwa inaangaza chumba kizima.

Unajua habari tunazozisikia huku Kisauni, za vijana na mapanga. Roho ikaniruka. Nikaona yote kwa mara moja, mlango unapigwa teke, laptopu inakwenda, kazi yako inakwenda, na wewe unarudi kutoka mvuani unakuta baba yako amelala sakafuni. Nikafunga dirisha. Nikazima feni ya darini wasisikie kama kuna mtu, sijui nilidhani mtu na feni vinahusiana vipi. Mwanga bado ulikuwa unapenya kwenye pazia. Nikatazama huku na huku.

Na nyumba hii, mama, kitu cha kufunikia hakikosekani. Mama yako amefuma vitambaa vya kila kitu, runinga ina chake, redio ina chake, chupa ya chai ina chake chenye waridi, na mgeni akikaa muda mrefu na yeye atafumiwa. Kitu cha thamani kwetu hufunikwa. Nimekulia hivyo kwa mama yangu, ambaye jina lake ndilo ulilopewa. Hata saa ya ukutani aliivalisha. Nikachukua kitambaa cha runinga nikaifunika laptopu yako. Kikawa na matundu, mwanga unatoka. Nikachukua leso ya kujifunga ya mama yako nikaikunja mara mbili, nikaiweka juu, nikaichomeka na pembeni vizuri. Kukawa giza.

Kisha nikavuta kiti nikakaa mbele yake na rungu langu la kazini mapajani, macho dirishani. Nilijiona mwanamume. Wallahi sikumbuki kama niliwahi kujisikia baba kuliko dakika zile. Nyuma yangu nikasikia feni yake inapaza sauti, nikasema moyoni, inachapa kazi. Ikapaza zaidi. Nikasema, paka atamalizika leo. Ile namba niliyoachiwa niitazame ilikuwa chini ya leso, na haikunijia hata mara moja akilini kwamba iko huko.

Mvua ikapungua. Wale vijana wakasogea, na mmoja akainama dirishani akasema, shikamoo mzee, ahsante kwa kibaraza. Wakaenda zao. Nikaitika marahaba bila kuliachia rungu.

Hapo ndipo niliposikia kimya. Feni haivumi. Nikageuka nikafunua leso, na hewa iliyotoka chini yake ilikuwa ya moto kama ya tanuri la mkate, na harufu ya plastiki. Skrini nyeusi. Nikagusa chini nikaondoa mkono. Nikakumbuka habari za betri za simu zinazolipuka mifukoni mwa watu. Nikachukua jagi la maji.

Ulipofungua mlango, umelowa chapachapa, ulinikuta nimelinyanyua. Naikumbuka sauti yako, ilikuwa ya chini kabisa, sauti ya kuongea na mtoto aliyeshika kisu. "Baba, weka jagi chini."

Nikaliweka. Ukachomoa chaja, ukaiinua laptopu kwa pembe, ukafungua dirisha, ukaiweka penye upepo. Ukasema imejizima yenyewe, imeundwa hivyo, joto likizidi inajikata kabla haijaungua, na picha zilizokwisha zimehifadhiwa. Lakini ulikuwa unaigusa chini kila mara, kwa hiyo nilijua hujui kama kadi imepona. Ikabidi tungoje ipoe. Hakuna kungoja kulikonichosha kama kule. Ukaokota kitambaa na leso sakafuni, ukavikunja, ukaniuliza, baba, ulikuwa unaogopa nini? Nikasema, wezi. Ukauliza, na mashine je? Nikakwambia mashine nilikuwa nimeisahau.

Hukunigombeza. Ningependa ungenigombeza. Ulienda kuniwekea chai.

Ikawaka, Mungu mkubwa. Ukaupandisha mwendo upya, lakini chini ya pale ulipokuwa umeuweka, ukasema leo imeshateswa vya kutosha, ukakesha nayo mwenyewe, na asubuhi paka akaruka ukuta wake akaenda Nairobi. Na sasa na wewe unakwenda.

Ningekuwa mtu mwingine, hadithi ingeishia hapo, tukacheka. Lakini nimeishika kwa sababu ya kilichofuata, nacho ndicho kinachoninyima usingizi.

Siku mbili tatu baadaye ulidondosha ndoo pale bombani. Mama yako akakukuta umekaa chini kwenye matope, mwili wote unawaka. Kule zahanati wakasema ni malaria na haikuanza jana. Yaani wakati wote ule unapandisha mwendo na kushusha, unapima joto la mashine kila saa, wewe mwenyewe ulikuwa na homa. Na mimi kila asubuhi nilikuuliza, hujambo mama? Nawe kila asubuhi ulinijibu, sijambo baba, salama. Nikaenda kazini nimeridhika.

Ninajua neno hilo umelitoa wapi. Sisi ndivyo tulivyo. Mtu wa huku ukimuuliza hali, hata kama nyumba imemwangukia, atakwambia salama, halafu baada ya salama ndipo ataanza kukupa habari, na wengine hawafiki huko. Mimi sikufika. Kabla hujazaliwa nilikuwa nabeba magunia pale Changamwe, na kifua kilikuwa kinanibana, na kila aliyeniuliza nilimwambia salama, mama yako nikamwambia salama, mpaka nikaanguka na gunia juu yangu. Mama yako alikuja hospitali na tumbo lako mbele yake, na neno la kwanza aliloniambia lilikuwa, hata mimi ulinificha? Sikumficha kwa ubaya. Nilikuwa naogopa nikisema itakuwa kweli.

Kwa hiyo usinielewe vibaya. Sikwambii usijisukume. Nimekaa pale mlangoni nikakuona unavyosukuma kitu hadi mwisho wake na kurudi nyuma kabla hakijapasuka, na nilijivuna mpaka nikamsimulia mlinzi mwenzangu, ambaye hakuelewa hata neno moja na mimi pia nilikuwa nabuni nusu yake. Ukipata mahali pa kujipandisha, jipandishe. Kinachonitia hofu ni kwamba laptopu ina namba yake pale juu, mtu yeyote mwenye macho anaisoma, hata mimi. Wewe huna. Wewe una salama tu, na salama yako ni nzuri, ina tabasamu, na kutoka Nairobi nitaisikia kwa simu na sitakuwa na paji la uso la kugusa.

Naogopa, Sidi. Nimeandika ukurasa huu wote nikizungukazunguka, sasa nasema. Naogopa utaanguka mahali ambapo hakuna mtu anayekujua jina. Naogopa yule bibi ni mtu mbaya, naogopa ni mtu mzuri mno na utamfanyia kazi hadi ukauke. Naogopa hutarudi, na naogopa utarudi kwa sababu umeshindwa. Usiku naamka nakuja kusimama nje ya mlango wako kusikiliza kama unapumua, umri wako wote huo, na mama yako ananiambia rudi kitandani baba we.

Naomba kitu kimoja. Nikipiga simu nikakuuliza hujambo, usinijibu kwa mazoea. Ngoja kidogo, jitazame, ndipo uniambie. Ukiniambia vibaya nitapata taabu, sikufichi, pengine nitamwaga chai, pengine nitaongea upuuzi. Nivumilie. Niambie hivyo hivyo. Nami nitajitahidi nisikimbie mlangoni.

Jingine ni la kwangu, na nimelikalia tangu wiki iliyopita. Nina ndugu yangu Charo, binamu yangu wa upande wa mama, hujapata kumwona. Na yeye ni mlinzi huko huko Nairobi, si mbali na pale utakapokaa. Nilimpigia nikampanga. Kila jioni awe anapita nje ya nyumba yako, aangalie taa inawaka saa ngapi, nani anaingia, unarudi na nani, anipe habari. Wewe usijue. Alikubali haraka, maana na yeye ana mabinti. Tangu siku hiyo nikawa nalala kidogo.

Nimeweka kalamu chini muda huu huu nikampigia. Nimemwambia, Charo, ule mpango tuuache, usipite. Sidi nitampa namba yako, akikuhitaji atakutafuta yeye. Ameniuliza, una hakika?

Nimemwambia sina, hata kidogo. Lakini usiende.

Babako